Makopo Arobaini na Mawili

Mbegu ya ua la mtoni haina adabu ya mbegu nyingine. Mahindi hungoja mvua na maharagwe hungoja kufukiwa, lakini hii, kubwa kama kiazi kidogo kilichokosa umbo, ikishaanguka tu huanza kuota pale pale ilipo, iwe juu ya saruji au ndani ya droo. Haiombi udongo wala maji. Sylvance Wandera aligundua hayo ndani ya mfuko wa koti.

Koti lenyewe lilikuwa la mazishi ya baba yake, kule Busia karibu na Mto Sio, miaka kumi iliyopita. Siku ya tatu baada ya kuzika alikuwa akizungukazunguka nyuma ya jiko la mama yake, akitafuta mahali ambapo hakuna mtu wa kumuuliza "sasa mkubwa unasemaje." Akaona kichaka cha majani mapana, maua meupe yenye mistari myekundu, na mbegu zimetapakaa chini. Akaokota tano kwa sababu mikono yake haikuwa na kazi. Akarudi Nairobi, koti likatundikwa nyuma ya mlango. Wiki sita baadaye alilitoa aende nalo harusini, akatia mkono mfukoni na kukutana na kitu laini chenye mkia. Karibu apige mayowe. Mbegu zote tano zilikuwa zimetoa mizizi minene na kuanza kujitengenezea vitunguu, gizani, bila tone la maji.

Mtu mwingine angezitupa. Lakini Wandera ni karani wa stoo katika kiwanda cha magodoro, na karani wa stoo hatupi kitu ambacho hakijaandikwa. Alizipanda katika makopo ya rangi, akayapandisha juu ya paa la jengo lao la Kware, pale wapangaji wanapoanika nguo. Kila kopo akalipa kibao chake. Mbao alizipata kwa maseremala wa Gikomba, akazikata vipande vya urefu wa kiganja, akavipaka rangi nyeupe, akavisimamisha kwenye udongo na kuandika tarehe ya kuingia. Tunguu likioza, kibao kiliongezewa tarehe ya pili, ya kutoka, na kopo likabaki mahali pake, maana kwa Wandera kitu kilichoharibika hakiondoki rafuni mpaka kihesabiwe. Nani angepanda orofa saba kuja kuhesabu? Msiniulize mimi.

Ua la kwanza lilimchukua miaka minne. Wakati wa kiangazi majani yalinyauka, yakalala, na jirani yeyote mwenye akili alidhani yamekufa; mvua zikirudi, hayo yanachomoza tena. Kaha, mlinzi wa jengo, alimpa jina la Baba Vitunguu na hakuchoka kumuuliza swali lile lile: "Buda, hizi vitunguu zako zitaiva lini tukaangie sukuma?" Wandera alikuwa anacheka tu. Ua lilipofunguka alikaa nalo jioni nzima, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, tumbo mbele, akinusa. Kisha akachukua pamba ya masikio ya mkewe Triza, akahamisha unga wa ua moja hadi jingine, akapata mbegu nyingine, na nyingine. Yalitoka mengine yenye mistari mipana na mengine meupe kabisa, naye hakuelewa kwa nini, na kutoelewa huko ndiko kulikomrudisha juu kila asubuhi. Mwaka huu makopo yalifika arobaini na mawili. Tisa kati yake yalikuwa na tarehe mbili.

Basi mama yake akaja Nairobi kutibiwa macho.

Mama Nabwire alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na kwa miaka mingi alikuwa akiwatambua watu kwa kikohozi. Kulikuwa na madaktari wageni waliokuja kwa majuma mawili tu katika kliniki moja ya kanisa. Wangemfanyia jicho la kulia Jumanne, na la kushoto Alhamisi ya juma la pili, halafu waondoke zao. Daktari alisema wazi kwamba la kushoto limechelewa sana. Likikosa nafasi hii, litafunga kabisa. Wandera ndiye aliyezungumza na daktari, akatia sahihi, akawapigia simu wadogo zake watano kuwaeleza. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu ajue kusema. Nyumba ya Nabwire ilikuwa na watoto sita, na yeye ndiye kifungua mimba. Aliacha shule kidato cha pili ili Maurine aliyemfuata aendelee, na tangu hapo hakuna mtu wa ukoo ule aliyezikwa, kuolewa au kulazwa bila yeye kuulizwa kwanza. Hakulalamika. Alichoka tu, uchovu ule ambao mtu huuzoea mpaka akadhani ni sura yake.

Siku za kwanza zilikuwa za raha. Mama aliketi kwenye kochi, akasikiliza kelele za Kware na kuuliza hiki ni nini na kile ni nini. Triza alimpikia mrenda na ugali wa wimbi, na wakaimba pamoja nyimbo za kanisani. Bandeji ilipotolewa, alimtazama mwanawe muda mrefu, kisha akamwambia kwamba amezeeka bila kumpa taarifa. Walicheka wote watatu hadi Triza akafuta machozi.

Jumamosi Wandera alimpandisha juu ya paa. Ndilo alilokuwa akingojea. Hakuwahi kumwonyesha mtu wa nyumbani makopo yake, na moyo wake ulikuwa ukidunda kama wa mwanafunzi aliyebeba ripoti nzuri. Walipita kati ya mashuka yaliyoanikwa, mama akishika mkono wake, mpaka wakatokea upande wa pili, na hapo palikuwa na safu sita za makopo saba saba, kila moja na kibao chake cheupe kimesimama. Maua matatu yalikuwa wazi.

Mama Nabwire alisimama. Alikuwa amefika darasa la nne kwa wamisionari na tarakimu alizijua. Aliinama akasoma kibao cha kwanza, akasoma cha pili, akaenda hadi mwisho wa safu na kurudi kwa safu nyingine. Alipofika kwenye vibao vyenye tarehe mbili alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza. Wandera alidhani anasifu mpangilio.

"Vyote hivi ni vya kwenu?" mama aliuliza.

"Ni vyangu, mama. Triza hajui lolote hapa."

Akamweleza kwa fahari jinsi alivyoanza na vitano, na jinsi ambavyo vile tisa viliharibika kwa makosa yake mwenyewe, kabla hajajua kulea. Akasema kimoja kilidumu miezi miwili tu. Akasema sasa amekwisha kuwa hodari. Mama hakuuliza la pili. Alijifunika kichwa kwa leso, akaomba arudishwe chini, na kwenye ngazi hakukubali kushikwa mkono.

Jioni ile hakula. Jumapili alikunywa maji tu, tena yale aliyochota mwenyewe kwa kikombe chake. Kochi alilikataa, akaketi kwenye mkeka karibu na mlango. Wandera alimuuliza kama jicho linauma, akasema haliumi. Akamuuliza kama kuna mtu amemkosea, akamtazama kwa lile jicho jipya mpaka Wandera akainamisha kichwa bila kujua anaona aibu ya nini. Jumatatu asubuhi mama alisema neno moja tu, kwamba anataka kurudi Busia Alhamisi kwa basi la alfajiri.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya jicho.

Wahenga husema usilolijua ni usiku wa kiza, na Wandera aliupapasa usiku huo mchana kutwa. Alipiga simu kliniki kuuliza kama dawa ya jicho huweza kugeuza akili ya mtu, akaambiwa hapana. Akafikiri ni ngazi za orofa saba. Akafikiri pengine mama aliona nguo za ndani za majirani zimeanikwa, akadharau. Akamwendea Triza na kumuuliza alimwambia mama nini. Triza, ambaye siku tatu nzima alikuwa akibembeleza sahani ya chakula isiyoguswa, alimjibu kwamba hajasema kitu na asitafutiwe kesi. Walinuniana. Na hapo ndipo kulikuwa na jambo lililomchanganya Wandera kuliko yote: mama hakumnunia Triza hata kidogo. Alimkalisha kwenye mkeka, akamsuka nywele, akamshikashika mabega kama mtu anayemfariji mfiwa. Wandera akiingia, mikono ilisimama.

Alijaribu kutumia sauti ya mkubwa. Alimwambia mama kwamba tiketi haitakatwa na kwamba jicho litafanywa, basi. Kwa kawaida sauti hiyo ilimaliza mashauri ya ukoo mzima. Safari hii mama alijibu kwamba katika nyumba hii yeye hachukui neno la mtu, na akageukia ukutani. Wandera alitoka nje akasimama kwenye korido, amekasirika, na chini ya hasira kulikuwa na woga wa kitoto kabisa. Mama yake alikuwa anamwogopa. Hakujua kwa nini, lakini alilijua hilo.

Jumatano saa sita mchana alikuwa stoo akihesabu marobota ya sponji, simu ikalia. Ilikuwa Triza, na sauti yake haikuwa ya kununa tena.

"Baba Vivian, rudi nyumbani," alisema. "Mama anadhani tumezika watoto arobaini na wawili huko juu."

Wandera aliketi kwenye robota. Alimwomba aseme tena. Triza akaeleza kwamba mama alikuwa amefunga mzigo wake, kisha akamshika mikono na kuanza kulia, akamwambia pole mwanangu, sasa najua kwa nini Mungu alikuachia Vivian peke yake, na kwa nini hukuniambia, ungeniambiaje na mume mwenyewe ndiye huyu. Ilimchukua Triza saa nzima kuelewa ni mimba zipi zinazozungumziwa. Yeye alipata mimba moja maishani, akajifungua Vivian kwa kupasuliwa, na madaktari wakasema inatosha. Hilo mama aliambiwa zamani. Lakini sasa alikuwa ameona vibao kwa jicho lake, na hakuna aliyeweza kumwambia vingine.

Wandera aliomba ruhusa kazini, akaenda nyumbani kwa miguu, haraka, akijaribu kupanga maneno ambayo hayakupangika. Vipi kopo la rangi liwe kaburi? Na kama ni mauaji mama anayomdhania, mbona hakupiga kelele? Mbona alikaa siku nne katika nyumba ya muuaji, akimsuka nywele mkewe? Alifika ghorofa ya saba anahema, akawakuta wanawake hao wawili juu ya paa, wameketi kwenye ndoo zilizopinduliwa. Triza alikuwa amemwonyesha mama mizizi. Alikuwa amelimwaga chini kopo moja zima, akachambua udongo mbele yake, hakukuwa na kitu ila tunguu. Wandera aliona tunguu lake la miaka mitatu limelala kwenye saruji.

"Nani alikupa hili ua?" mama alimuuliza.

Akamwambia. Nyuma ya jiko, siku ya tatu ya matanga ya baba, mbegu tano. Alipotaja jiko, mama alifumba macho yote mawili, lile zima na lile bovu.

Kisha akasema kwamba mambo haya hayasemwi mbele ya wanaume, na kwamba mama yake aliyemfundisha angemkataza, lakini mwenye kukatazwa ameshayaleta mpaka mjini na kuyapanga safu kwa safu. Kwao, alisema, mtoto akifa kabla ya kuota meno hatengenezewi jeneza. Hakuna matanga, hakuna kulia kwa sauti. Wanawake wawili au watatu humzika nyuma ya jiko, na juu yake hupandwa tunguu la ua la mtoni, ili jembe lisipite na watoto wasikanyage. Wanaume huona ua. Wanawake wakipita huliamkia kimoyomoyo, na kila mmoja akiingia boma la mwenzake huhesabu yaliyoko nyuma ya jiko, na humjua mwenyeji kuliko mumewe anavyomjua.

"Nilipoyaona arobaini na mawili, na tarehe," alisema, "na wewe unacheka, unaniambia ulikuwa hujajua kulea."

Wandera alitaka kusema pole, na neno likaonekana dogo, halafu likaonekana si lake. Alitazama makopo yake. Miaka kumi ya pamba za masikio na kunusa jioni. Aligawa maua kama hayo saba: moja kwa katekista, moja kwa msimamizi wa kiwanda, moja kwenye harusi huko Majengo, likabebwa na bibi harusi mbele ya watu wote. Alijaribu kuona kama amefanya dhambi, akashindwa kuipata. Akajaribu kuona kama hakufanya, akashindwa pia. Kichwa chake, kinachojua kila kitu kimeingia lini na kutoka lini, hakikupata pa kuliweka jambo hili.

"Kwa hiyo pale nyuma ya jiko kuna mtoto," alisema hatimaye.

"Kuna wangu."

"Mvulana?"

"Msichana. Aliishi siku kumi na moja."

Hakuuliza zaidi. Alijua kwamba kati yake na Maurine kulikuwa na pengo la miaka minne, na akalijaza pengo hilo kimya kimya na msichana wa siku kumi na moja. Alikumbuka, au akadhani anakumbuka, mama akilala mchana, mlango umefungwa, na yeye mdogo nje akilia njaa. Machozi yalimtoka bila kumwomba ruhusa. Triza alimwangalia kisha akageuka kando ili amwachie nafasi. Mama hakumbembeleza. Aliinuka kwenye ndoo, akaliokota lile tunguu la kwenye saruji, akalirudisha ndani ya kopo na kulifukia kwa vidole vyake, polepole, akigandamiza udongo kandokando.

Ulibaki mzigo uliofungwa. Usiku na asubuhi Wandera hakuthubutu kuutaja. Mama alikula, hilo lilikuwa jema, lakini kamba ya begi haikufunguliwa. Alhamisi kabla jua halijatoka alikuwa ameshavaa gauni la Jumapili na leso mpya, ameketi karibu na mlango. Mavazi hayo yangefaa basi na yangefaa daktari pia. Wandera alibeba begi na kushuka nyuma yake orofa zote saba, na kwa mara ya kwanza maishani hakusema wanaelekea wapi. Barabarani mama alisimama, akatazama upande wa kituo cha basi, akatazama upande mwingine. Kisha akamuuliza kama ile kliniki ina choo karibu, maana mara iliyopita walimzungusha sana. Wandera akajibu kwamba kipo, akamfuata.

Kliniki ilikuwa imejaa. Nesi aliyekuwa akitia dawa ya kupanua jicho alikuwa msichana mchangamfu, mwenye mazoea ya kuwachokoza wazee ili wasione sindano inakuja.

"Shosho, umependeza. Una watoto wangapi wa kukuvalisha hivi?"

"Saba," alisema Mama Nabwire.

Wandera alifungua kinywa. Ni sita, yeye ndiye huwataja kila mahali, kwa majina na kwa namba za simu. Akakifunga, maana alielewa ni nani amehesabiwa, na akaona vyema kwamba amehesabiwa mbele ya watu.

"Saba! Heko. Na huyu ndiye kifungua mimba, eti? Anaonekana amezoea kuamrisha."

Mama aligeuza kichwa ili amwone mwanawe kwa lile jicho zima. Alimtazama alivyokuwa, mvi, tumbo, mabega yaliyoinama mbele kama ya mtu aliyebebeshwa gunia angali mtoto.

"Huyu ni wa pili," alisema. "Wa kwanza ni dada yake."

Nesi alimshika mkono, akamwingiza ndani, mlango ukafungwa. Wandera alibaki katikati ya chumba na begi la mama yake mkononi. Yule wa siku kumi na moja hakuja baada yake, kama alivyodhani juu ya paa; alimtangulia. Watu wakasogea kwenye benchi wakimpisha aketi, na yeye akawa anawatazama tu, hajui akae au asimame.